Kila Mstari wa Shamimu Ulishuka

Nilimpa Shamimu mlinganyo ambao mstari wake unapanda. Akachora unaoshuka.

Nikampa mwingine. Nao ukashuka.

Jioni ile, barazani kwetu hapa Tunduma, mistari yake yote iliporomoka kana kwamba kuna mtu anaivuta chini.

Mimi nasomea ualimu wa hisabati chuo kikuu na nilikuwa likizo. Shamimu, binti wa jirani, alikuwa anarudia kidato cha pili. Baba yake alikwishaamua: akifeli tena, anahamia Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kuuza dukani kwa shangazi yake. Shule basi.

"Nionyeshe unavyorahisisha."

Akaandika 2y − 4x = 6. Akaihamisha 4x, ikawa chanya: 2y = 4x + 6. Sahihi kabisa.

Kisha akaihamisha ile 2. Ikawa hasi. Akapata y = −2x − 3.

"Hapo unagawanya tu, mdogo wangu. Mbili haibadili ishara. Jibu ni y = 2x + 3."

"Mjomba amesema kila kinachovuka kinabadilika, dada Tuli."

Mjomba wake, Zahoro, ni wakala wa forodha mpakani. Ndiye pekee aliyewabembeleza wazazi hadi wakakubali Shamimu arudie mwaka. Kila akitoka kazini alimfundisha, vumbi la malori likiwa bado kwenye kola.

Nikamwendea kwa adabu.

"Shikamoo, mjomba. Ile kanuni ya kuhamisha namba..."

"Marahaba, profesa!" Akacheka. "Alama ya sawasawa ni geti. Mzigo ukivuka, karatasi zinabadilika. Mimi nashinda getini, wewe unifundishe kuvuka? Acha kuzingua!"

Shamimu akacheka naye, akimtazama kwa fahari.

Mimi na Shamimu tukaendelea kufanya mazoezi mpaka mistari ikapanda.

"Imekubali, dada! Imekubali!"

Siku ya mtihani alikuja kwangu moja kwa moja, akiwa na sare zake.

"Grafu ilikuja?"

"Ilikuja."

"Ukachora unaopanda?"

"Nilichora." Akainama. "Halafu nikamkumbuka mjomba anavyonifundisha huku anasinzia. Nikaona ni kama namwambia hajui kitu. Nikafuta, nikafanya kwa njia yake."

"Swali lile moja tu?"

"Milinganyo yote, dada."

Matokeo yakatoka. Amefeli.

"Profesa, mmemchanganya mtoto na hesabu zenu za chuo," Zahoro aliniambia, macho mekundu. "Mimi nilimfundisha vizuri."

Nikafungua kinywa. Nyuma yake, Shamimu akatikisa kichwa taratibu.

Nikampa mjomba pole tu.

Mjomba mwenyewe ndiye aliyembebea begi. Walipofika kwenye malori alimshika mkono, wakavuka.

Juzi nimepita kwao. Zahoro alikuwa ameketi na Ikram, mdogo wake Shamimu, daftari jipya magotini.

"Shika hili, mwanangu. Kila kinachovuka kinabadilika."

Ikram akaitikia kwa furaha.

Ndugu zangu, ukimsahihisha mtoto, msahihishe pia yule anayempenda. Usipofanya hivyo, unamwacha achague kati ya jibu na mtu wake. Na mtoto mwenye moyo mwema atalifuta jibu.