Msumari wa Don Crisóforo

Magavana tisa nimewaona wakipanda ngazi za jumba la serikali ya jimbo letu, na hata mmoja sijampa heshima ya moyoni. Yangu nimempa mtu mmoja tu mle ndani: Crisóforo Tecuapacho, mtundika picha.

Siku gavana anapoapa, fataki zinalia, watu wote wako uwanjani wanakula bure. Crisóforo yuko ndani, juu ya ngazi ya mbao, na nyundo. Anapigilia msumari mtupu kwenye ukuta wa ngazi kuu, mwishoni mwa mstari wa picha za waliopita, umngoje huyo mpya kwa miaka yake sita, mpaka atoke picha yake itundikwe.

"Wao wanaapa kuingia," aliniambia, "mimi napigilia wa kutokea."

Gavana wa nane alituahidi maji huku kwetu La Loma. Mabomba yakaletwa, yakalala kando ya njia mpaka nyasi zikayameza. Muda wake haujaisha, akakimbilia ng'ambo. Na Crisóforo akamtundika hivyo hivyo!

Mimi nauza tamale, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani, pale pale chini ya ngazi kuu. Nikamwambia, "Ichome picha ya huyo mwizi."

"Nikimchoma, Doña Eduviges, kesho utamtukana nani?"

Nikampa tamale moja bure. Na mimi kutoa bure, waulize watoto wangu.

Akaja wa tisa. Siku ya kiapo, Crisóforo hajampigilia bado msumari wake. Katibu wake, kijana wa nywele za mafuta, akasimama chini ya ngazi ya mbao ya Crisóforo. "Mzee, toa picha hiyo ya wa nane, na msumari wake ung'oe. Bosi wetu atafuata wa saba. Huyu hakuwahi kuwepo."

"Picha ni ya serikali, naitoa. Msumari siung'oi. Miaka yake tumeiishi, hatukuiota."

"Basi kesho usije."

Crisóforo akaishusha picha, akachukua kofia yake akaenda. Miaka thelathini na minne kazini, na kustaafu kulikuwa kumebaki mwaka mmoja.

Wakamtuma dereva wa gavana aung'oe msumari. Kumbe Crisóforo hapigilii misumari ya mchezo. Dereva alivuta mpaka lipu ikaanguka, shimo likawa kubwa kama sinia, msumari umekaa tu katikati. Kila aliyepanda aliuliza, "Hapa alikuwa nani?" Nani atajibu kama si mimi? Nilijibu kwa sauti, na mabomba yote nikayataja. Wiki ya tatu watu walikuwa wanapanda kuuangalia msumari tu, wanacheka mpaka gavana anawasikia ofisini.

Ikatoka amri: picha irudi, haraka, izibe lile shimo. Wakaitundika wenyewe, ikaanguka na lipu zaidi. Ndipo wakamwita Crisóforo.

Ningekuwa mimi, wangenibembeleza mpaka Pasaka. Yeye alisema neno moja tu kwa katibu: "Nakuja kazini kwangu, siji kama kibarua." Katibu akakubali.

Akaziba ukuta, akangoja ukauke, akaitundika na kuipima kwa pima-maji.

"Ungempinda kidogo basi, mjane mie nifurahi," nikamwambia.

"Aliyepinda ni yeye, Doña. Kazi yangu haipindi."

Halafu akasogea hatua moja, akapigilia msumari wa huyo wa tisa, mlango wa ofisi ukiwa wazi, polepole, kila pigo lisikike.

Mwaka uliofuata akastaafu. Maji hatujapata. Wa nane yuko pale ukutani, amenyooka, na kila asubuhi nikipita na ndoo yangu namwambia ninachomwambia.