Kartoni ya Paka Kwenye Shimo la Nyuma

Mama mkwe alikuja kutoka Butembo kuniangalia, maana nilikuwa nimejifungua, na kwetu mzazi haachwi peke yake. Lakini mimi kukaa siwezi. Tangu kunapambazuka nilikuwa nazunguka uwanja wa nyumba yetu pale Himbi, mjini Goma, mtoto mgongoni, nikitafuta kazi ambayo haikuwepo.

Kazi ikaja yenyewe. Paka mmoja asiye na mwenyewe alizaa watoto watatu katikati ya mawe ya volkano, nyuma ya jiko. Ilikuwa majira ya mvua, asubuhi baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Nikatafuta kartoni, nikatandika kiroba na kipande cha kitenge, chini yake nikaweka jiwe nililolipasha moto kwenye mbabula, jiko letu la makaa, na kulifunga kitambaa. Nikawaweka watoto wa paka ndani, nikaipandisha yote juu ya ukuta wa mawe, chini ya bati.

Mama mkwe alicheka sana. "We mama, paka ni ya kukamata panya tu. Sasa unamujengea etaji, gorofa muzima? Pale juu upepo itawaua. Kwetu tunawaweka chini, kwa shimo."

"Hapa tunaweka juu, mama," nilimjibu, nikaenda zangu sokoni na mtoto wangu. Sikumweleza kwa nini. Nani hapa Goma anaelezwa jambo hilo?

Niliporudi, kartoni haikuwepo.

"Nimewapeleka kwa shimo ya nyuma ya migomba," mama mkwe alisema, amefurahi. "Kule kuko joto muzuri."

 Shimo lile lina mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini. Haina rangi, haina harufu. Ukiivuta unalala, huamki tena. Asubuhi upepo ukikosekana inatulia mle chini kama maji kwenye beseni. Hata majani hayaoti pale.

Nilimpa mama mkwe mtoto, nikakimbia. Paka mama alikuwa ukingoni analia, anazunguka, hashuki. Niliwasha kiberiti nikakishusha kidogo, moto ukazimika papo hapo. Nikabana pumzi, nikaivuta kartoni kwa jembe, na mama mkwe aliponifuata nilimkaripia asisogee, bila adabu yoyote.

Wawili walianza kupumua walipopata hewa. Wa tatu, yule mweusi, nilimsugua kwa kitenge mpaka mikono ikaniuma. Hakuamka. Nililia kwa hasira, mimi mtu mzima, kwa ajili ya paka asiye na mwenyewe.

Nikamgeukia mama mkwe, maneno yote yako tayari mdomoni. Alikuwa amesimama palepale nilipomwambia asimame, amemkumbatia mtoto wangu kwa nguvu.

"Nilipoinama kuwaweka, kichwa kilizunguka," alisema polepole. "Nikasema ni uzee."

Akamtazama mtoto.

"Jana asubui, wakati ulienda kuchota maji, nilitaka kumulalisha mutoto pale. Juu ya ile joto. Mukeka tu ndiyo nilikosa."

 Nilimpokea mtoto, nikamfunga mgongoni, nikaanza kubeba mawe ya kuliziba shimo, na yeye akabeba pamoja nami. Mpaka leo, mgeni akiingia kwetu, hata kiti sijampa bado, nampeleka kwanza nyuma ya migomba nimwonyeshe lile shimo.