Simu Nne, Kidole Kimoja

Juzi nilikuwa kwenye duka la simu pale Geita mjini, nasubiri kubadilishiwa kioo, akaingia mama mmoja ambaye kazi yake ni kuponda mawe ya dhahabu kwa nyundo. Vumbi jeupe lilikuwa bado kwenye kanga. Muuzaji alimpa shikamoo, kisha akaanza mahubiri: kamera tatu, betri ya siku mbili, memori isiyojaa.

"Na hii, mayu, mama yangu, inafunguka kwa kidole chako tu. Mwizi hafui dafu."

Wakajaribu kusajili kidole gumba. Simu ikagoma. Mama akakifuta kwenye kanga, akabonyeza tena, ikagoma tena.

"Alama zimefutika," muuzaji akasema kwa upole wa daktari. "Kidole chako ndicho kina shida."

Mama akakiinua kidole chenyewe, akakitazama, akamtazama na muuzaji.

"Kidole hiki kimejenga nyumba ya bati. Hakina shida. Lete simu nyingine."

Ya pili ikagoma. Ya tatu, ghali kuliko zote, ikagoma pia, naye akaisukuma kando kama jiwe lisilo na kitu. Ya nne, ya bei ya kati tu, ilisitasita, ikatetemeka, ikakubali. Wateja tukapiga makofi.

"Hii imefaulu," mama akasema. "Nifungie."

Miaka yote nimeingia madukani na wasiwasi kama nitaiweza simu mpya. Kumbe mwenye kufanyiwa usaili si mimi.