Mstari wa Mahona

Siku hizi vijana wanabonyeza kitufe, marejeo yanajipanga yenyewe, na wala hawajui nani alisema nini. Apolonia aliyapanga kwa vidole vyake, na mwaka ule aliyapanga kwa hofu. Mimi nilikuwa tarishi wa kituo kidogo cha utafiti wa malisho nje ya Bariadi, yeye akiwa mpiga taipu wetu. Kusoma nilijifunza kwenye karatasi alizokosea akazitupa. Haya ninayoandika mengine niliyaona, mengine alinisimulia tulipokuwa wazee, alipokuwa hana tena wa kumwogopa.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kusoma kila mstari kwa sauti ya chini kabla ya kuupiga. Kwa miaka sita sikumwona akitetemeka. Nilimwona Novemba ya mwaka 1974, andiko la Dakta Mashimba liliporudishwa na jarida moja la Ulaya.

Andiko lilihusu ngitili, lile eneo la majani ambalo mzee wa kaya alilifunga mvua zikianza, lisiguswe na ng'ombe hata mmoja mpaka kiangazi kikali. Jarida halikuwa na ugomvi na majani. Ugomvi ulikuwa kwenye orodha ya marejeo. Lilitaka jina la ukoo lianze, zifuate herufi za majina mengine, kisha mwaka, kisha jina la kitabu bila kufupishwa, yote kwa mpangilio wa alfabeti. Na jambo lililotoka kinywani mwa mtu lionyeshe jina la msemaji, mahali anapoishi na tarehe aliyosema. Lisiloonyeshwa lifutwe.

"Dada Apolonia," Dakta alisema, "yule mzee wa Nkoma mwandike vizuri. Nusu ya andiko ni maneno yake."

"Hata anapoishi, Dakta?"

"Wametaka hivyo."

"Na tarehe?"

"Oktoba kumi na mbili. Mbona unanihoji kama polisi?"

Dakta hakujua. Mzee yule, Mahona, alikuwa kaka wa baba yake Apolonia, na ndiye aliyemlea. Agosti malori ya operesheni ya vijiji yalikuwa yamewahamisha watu wa Nkoma hadi kijiji kipya kando ya barabara. Nyumba ziliezuliwa, nyingine zikachomwa. Mahona aliandikwa kuwa amehamia kijijini. Wiki ya pili akarudi kimya kimya kwenye ngitili yake nyuma ya kilima, yeye, mkewe na ng'ombe kumi na mmoja. Kuandika kwamba Oktoba alikuwa akizungumza kwenye ngitili ni kuwaambia mgambo pa kumkuta. Na kila andiko la kwenda nje lilitakiwa kuacha nakala moja ofisi ya wilaya, ofisi ileile iliyotuma malori.

Jumamosi Apolonia alikwenda Nkoma, akamkuta mzee akishona kamba ya ngozi, akamwamkia.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, ng'wana wane, mwanangu. Umekonda. Huko mjini mnakula karatasi?"

Akamweleza yote, akamwomba aruhusu jina lake liachwe. Mahona aliendelea kushona.

"Dawa yangu ya tumbo nilipewa na nani?"

"Babu Maganga."

"Nikiichimba nasema nini?"

"Unamtaja."

"Nisipomtaja?"

"Haiponyi."

"Basi Dakta wako amechimba kwangu. Anitaje mimi, apataje na alipochimba. Akinificha ameiba."

"Watakuja na mgambo, baba!"

"Waje. Nani kati yao anasoma?"

"Mmoja anasoma," Apolonia alisema. "Karani wa vibali wa wilaya."

Alirudi hana usingizi. Kila gari lililopita mbele ya kituo alisimama dirishani. Siku ya nne akafunga mlango wa chumba cha taipu, akaingiza karatasi tatu zenye kaboni katikati: halisi ya Ulaya, nakala ya wilaya, nakala ya kituo. Alipofika herufi M alizichomoa kaboni. Kwenye karatasi ya juu peke yake akapiga jina la Mahona, ngitili yake, Nkoma, na tarehe. Akazirudisha kaboni, akamaliza orodha. Kisha akaitoa ile halisi, akaziingiza tena nakala mbili, na pale palipobaki peupe akapiga: Mahona, M. 1974. Malisho ya Usukuma. Mwanza.

Kwa Ulaya mzee alikuwa mtu. Kwa wilaya aligeuka kitabu.

Mimi ndiye niliyebeba bahasha hadi ofisi ya wilaya, lakini karani wa vibali, Bwana Marcelo, alitaka mpiga taipu awepo. Alisoma akilamba kidole kwa kila ukurasa.

"Huyu Mahona ametajwa mara tisa. Nani?"

"Yumo kwenye marejeo, Ndugu."

Akafunua mwisho. Kidole kikashuka hadi M, kikasimama. Mstari ule ulikaa juu kidogo kuliko wenzake.

"Aa, huyu!" Marcelo akasema. "Nimekisoma. Kitabu kigumu, lakini mwandishi anajua kazi. Kina jalada la kijani?"

"La kijani, Ndugu."

Akapiga muhuri. Kisha akainua kalamu. "Nipe anwani yake. Tunatafuta mtu wa kuvihutubia vijiji vipya juu ya malisho. Msukuma, tena mwandishi! Jumatatu uniletee, nitatuma gari limchukue."

Jumamosi Apolonia alikuwa Nkoma tena. Mahona aliposikia amekuwa kitabu chenye jalada la kijani alicheka mpaka akakohoa. Mkewe akampa Apolonia kibuyu cha maziwa. Kikamponyoka. Akakiokota, maziwa yaliyobaki yakaendelea kumwagika kwa jinsi mikono ilivyokuwa ikitetemeka.

Mzee akaacha kucheka. "Hulali tangu lini?"

"Tangu andiko lirudi."

Kesho yake mchana wa jua kali mzee aliwaswaga ng'ombe wake kumi na mmoja kupita barabarani, watu wote wakiona, akaingia kijijini kwenye kiwanja alichopimiwa. Mgambo hawakufika mlangoni pa mtu. Mzee alijipeleka mwenyewe, kwa sababu ya mikono ya mtoto wake.

Jumatatu Apolonia alimwambia Marcelo kwamba mwandishi amehama na haijulikani alikokwenda.

"Wasomi hawatulii," Marcelo akajibu, akaendelea na kazi.

Ngitili bila mwenye kuilinda haikumaliza mwaka. Ng'ombe wa kijiji kizima waliingia mvua zilipoanza, na kiangazi kilichofuata pale palikuwa vumbi. Leo nikiwaambia wajukuu kwamba majani yalikuwa yakifungwa kwa neno la mzee, bila waya wala mlinzi wa kulipwa, wananitazama kama nadanganya.

Jarida lilifika mwaka 1976. Apolonia alilibeba hadi kijijini, akamkuta Mahona amekaa kwenye kivuli chembamba cha nyumba yake, mstari wa tatu kutoka barabarani. Akamsomea jina lake, na ngitili, na Nkoma.

"Wameandika na siku?"

"Oktoba kumi na mbili, mwaka 1974."

"Basi hawakusema uongo," mzee akasema. "Siku hiyo majani yalikuwepo."