Mama Gusa-Mwenyewe

Wanaopenda kusema hasira hasara hawajawahi kumsikia Mama Gusa akiwajibu. Mkuu wetu wa shule alimwambia maneno hayo siku ya kwanza tu alipofika, naye akamtazama juu ya miwani. "Hasara mmeshaipata, Mkuu. Niacheni nikasirike."

Kilichomkasirisha kilikuwa ukutani. Chumba chetu cha sayansi kilikuwa na ubao wa kidijitali, ule unaougusa kwa kidole picha zikatembea, na mkuu alikuwa ameufunika kwa shuka la maua usishike vumbi. Hadubini zetu zilikuwa zimekufa zote. Watoto wa darasa la mtihani walikuwa wanakariri sehemu za moyo kama wanavyokariri majina ya mababu, bila kuuona moyo hata siku moja. Ubao ule ndio ungekuwa macho yao, na macho yalikuwa yamevalishwa shuka.

Tusionewe sisi walimu. Semina tulikwenda. Tulikaa kwenye ukumbi wa hoteli, tukaonyeshwa picha za ubao, tukala, tukapewa vyeti. Ubao wenyewe hatukuugusa. Yaani tulifundishwa kuogelea tukiwa tumekaa kwenye viti, kisha tukaambiwa twende majini.

Aliyezama wa kwanza alikuwa mwalimu wa biolojia, mtu mpole ambaye hata nzi humwomba radhi kabla ya kumfukuza. Alitoa makapeni mfukoni akaandika juu ya ubao ule, kwa herufi kubwa, MOYO. Wino haukufutika. Darasa likacheka, mkuu akaja akamgombeza mbele ya wanafunzi wake mpaka mate yakamtoka. Tangu siku hiyo watoto walimwita Mzee wa Moyo, shuka likapanda juu ya ubao, naye akarudi kwenye chaki. Mimi nafundisha kemia chumba cha pili. Nilisikia yote ukutani, na nilinyamaza.

Basi ofisi ya elimu ikamleta huyu mama. Alikuwa amefundisha fizikia nusu ya maisha yake kabla hawajampa kazi ya kuzunguka mashuleni kuwasaidia walimu wa sayansi. Semina hakuzitaka. Alikuwa anaingia kipindini, anakaa dawati la nyuma pamoja na watoto, mikono mfukoni. Hakugusa ubao wa mtu hata mara moja. Ukikwama ukimgeukia, jibu lilikuwa moja tu: "Gusa mwenyewe." Hapo ndipo alipopata jina lake. Koti lake lilikuwa na mifuko mirefu ajabu, kashonewa na mumewe, fundi cherehani, ambaye alisema ile ni jela ya mikono ya mke wake. Maana mikono ilikuwa inamwasha. Ungemwona bega linacheza, taya limekaza, anataka kuruka aje akufanyie, na haji.

Mimi nilimchukia wiki nzima. Nilimwambia, "Dada, wewe unalipwa kukaa?" Akasema, "Nikikugusia leo, kesho utamgusisha nani?"

Mzee wa Moyo alikataa kabisa kuingia chumba kile. Alijitetea kwamba umri umekwenda, vidole vimekuwa vizito, na hata hivyo kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Mama Gusa akamjibu, "Koleo halijavunjika, mwalimu. Mhunzi ndiye kakimbia." Akaenda mwenyewe kulivua lile shuka, akalikunja, akampelekea mkuu mezani.

Mzee akaingia, shingo upande, na kipindi cha kwanza kilikuwa aibu tupu. Wasafishaji walikuwa wameigonga kwa fagio projekta, ile inayomulika picha ubaoni, kwa hiyo ukigusa chumba cha kushoto cha moyo, kinafunguka cha kulia. Mzee alitoka jasho. Watoto wakaanza kucheka, na mama yule akageuka pale nyuma akawatazama mpaka wakanyamaza. Mikono haikutoka mfukoni. Mzee akahangaika, akafungua hiki, akafunga kile, hatimaye akakumbuka alichoelekezwa na Mama Gusa asubuhi: kuna vitone vya kugusa kwenye pembe ili ubao ujue kidole kiko wapi. Akagusa kimoja kimoja. Akarudi kwenye moyo, akagusa kushoto, kikafunguka cha kushoto, na damu ikaanza kwenda. Darasa zima liliweka mikono kifuani bila kuambiwa. Binti mmoja alisema kwa sauti ndogo, "Kumbe ndiyo inavyofanya."

Habari zikatembea. Wageni wakaja kuona, wakamsifu mkuu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jumatatu iliyofuata tulikuta ukuta una matundu manne. Ubao umehamishiwa ukumbi wa mikutano. "Ni kwa usalama wake," mkuu alisema. "Na wageni wapate mahali pazuri pa kuutazamia."

Sijawahi kuona mtu akikasirika vile. Mama Gusa alisimama mbele ya matundu yale. Nikamwambia aende akamseme mkuu, yeye ni mtu wa ofisi, atasikilizwa. Akasema, "Nikisema mimi, nikiondoka kesho ubao unarudi kulekule ukumbini." Kisha akamgeukia Mzee wa Moyo. "Una kipindi saa ngapi?"

"Sasa hivi."

Mzee alitazama matundu, akatazama watoto wake. Kisha akachukua rejista yake, akasema, "Nifuateni."

Ukumbini mkuu alikuwa na kamati ya wazazi. Mzee wa Moyo hakupiga hodi. Aliingia na darasa zima nyuma yake, kila mtoto na kiti chake kichwani, akaenda mpaka mbele. Sauti ilikuwa inamtetemeka lakini ilitoka. "Shikamooni wazazi. Nina kipindi, na ubao wangu uko humu."

Mkuu akasimama. "Mwalimu, toka nje."

"Nikimaliza, Mkuu."

Mama mmoja wa kamati akasema, "Mwache. Yule pale mbele ni mwanangu, na mimi moyo wa mtu sijawahi kuuona."

Ubao ulirudi kwenye matundu yake wiki ileile. Mkuu naye alipiga simu zake, na ofisi ikamhamisha Mama Gusa kwa kosa la kuwachochea walimu. Mtu ambaye hakutamka neno lolote ukumbini. Nikiandika haya damu inanichemka, na naomba isipoe.

Siku ya kuondoka alipita kuaga. Nilikuwa naye kwenye korido. Chumba cha sayansi kilikuwa wazi na Mzee yumo ndani anafundisha mapafu. Ubao ulikuwa umegoma. Alikuwa peke yake mbele ya watoto, anagusa, anakosa, anagusa tena, anawaambia wasubiri. Mama Gusa akasimama mlangoni kwa muda. Kisha akageuka akaenda zake getini bila kumwita.

Nilimfuata. Alikuwa analia, na kulia kwake kulikuwa kwa hasira, anajipangusa kwa mkono wa koti kama anajipiga.

"Sasa mbona hukumuaga?" nikamuuliza.

"Ningeingia," akasema, "ningemsaidia."