Kikorea cha Jikoni kwa Halmoni

Wenzangu mliokulia South End ya Louisville, huku Marekani, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, mtanisaidia kukumbuka. Tulilelewa na Kiswahili cha kila aina, na kila aina ilijiona ndiyo yenyewe. Mama zetu walikuja nacho kutoka Uvira na Bukavu, kimejaa "bon" na "donc". Warundi waliopitia kambi za Tanzania walitusahihisha. Wakenya waliokuja kusoma walitucheka, ingawa wao wenyewe hawakumaliza sentensi bila kuchomeka Kiingereza. Sisi watoto tuliwajibu wote kwa Kiingereza, mchezo ukaisha.

Tulidhani shida hiyo ni yetu peke yetu, mpaka tulipokutana na Halmoni.

Kanisa letu halikuwa na jengo. Tulisali katika jengo la Wakorea, wao asubuhi na sisi mchana, na jiko lilikuwa la wote. Wazazi wengi walifika moja kwa moja kutoka zamu ya usiku kwenye maghala, wakasinzia ndani ya magari wakisubiri saa yetu, na uwanja wa maegesho ukawa wetu. Tuliruka kamba. Tulicheza nzango, ule mchezo wa kurukaruka na kupiga makofi, mpaka soksi zikatoboka. Mtoto wa leo ukimwachia uwanja mtupu namna ile atakuuliza nywila ya intaneti ni ipi.

Kilichotupeleka jikoni ni harufu. Jumapili moja tulisikia harufu ya ndagala, wale samaki wadogo wakavu wa Ziwa Tanganyika. Mimi na mdogo wangu Espwa tukafuata pua. Tukamkuta bibi mfupi wa Kikorea amekalia ndoo iliyopinduliwa, mbele yake rundo la samaki wakavu, anawatoa vichwa na matumbo mmoja mmoja. Hawakuwa ndagala, walikuwa samaki wa bahari ya kwao, lakini kazi ilikuwa ileile niliyozoea kuifanya na koko yangu, bibi yangu mzaa mama. Nikakaa chini, nikaanza kuchambua. Alinitazama, akasema kitu kwa sauti ya mtu anayegomba, kisha akanitia mdomoni tonge la wali lililofungwa kwa mwani. Halmoni maana yake ni bibi, na hilo likawa neno langu la kwanza la Kikorea.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili tulikuwa kwake. "Bam munna?" alitupigia kelele tukiwa bado mlangoni. Umekula? Hata ukijibu umekula, ulikula tena. Kikorea chake kilipanda, kikashuka, kikakatika ghafla, na akisema "njoo" ungedhani paa linaanguka. Lakini hatukumwogopa, maana maneno yote yale makali yalikuja na chakula. Ulipopita mwaka mmoja tulikuwa tukibishana naye kwa Kikorea chake hichohicho, tukimtania, tukisengenya watu juu ya rundo la samaki.

Huko juu kanisani Wakorea wengine walisema kwa sauti laini iliyonyooka, na Halmoni alinyamaza kimya. Mkwe wake, Mama Yuna, mzaliwa wa Seoul, alitueleza sababu kwa Kiingereza. Halmoni alitoka kijiji cha Kyongsang, kusini-mashariki mwa nchi yao, na watu wa mji mkuu wakisikia lafudhi ile wanaona ugomvi na shamba. Wapo waliomcheka humo humo kanisani, ndiyo maana alifungua mdomo wakati wa nyimbo tu. "Msimwige," Mama Yuna alituonya. Mimi nilielewa upesi kuliko alivyodhani. Mama yangu aliweza kuchekesha basi zima la mji, lakini akiwapo Anko Brayo, mwanafunzi Mkenya aliyetafsiri ibada zetu, alikuwa anajibu kwa kichwa.

Yuna mwenyewe, mjukuu wa Halmoni, alikuwa rika langu. Hakuingia jikoni. Alisema samaki wananuka, na alisema kwa Kiingereza, kama alivyosema kila kitu.

Basi ikaja sikukuu ya mavuno, makanisa mawili pamoja, na mgeni alikuwa mchungaji mzee kutoka Seoul. Mama Yuna alitufundisha sisi watoto wa Kikongo salamu ya heshima, ndefu kama treni ya mizigo. Mimi ndiye niliyechaguliwa kuitoa. Nilifanya mazoezi bafuni wiki nzima mpaka Espwa akanitupia kandambili.

Mzee akaingia na suti yake nyeusi, watu wote wameinama. Nikafungua mdomo, treni nzima imepotea. Kilichobaki kichwani ni cha jikoni. "Bam munna?" nikapaza sauti, kidevu juu, vilevile kama Halmoni. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniambia maneno yale bila kunilisha, nikachukua tonge mezani nikampelekea mdomoni.

Fikiria umemkuta askofu mlangoni, ukamwambia, "We, umeshakula?" ukamlisha ugali kwa mkono wako. Ndivyo ilivyokuwa. Mzee wa watu akafungua mdomo, akala. Nyuma yake wanawake waliziba vinywa, na kicheko kikavuja hata hivyo, na kila mtu alijua kinamlenga Halmoni, aliyesimama kando ya meza na aproni yake.

Mama Yuna alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akatangaza kwa Kiingereza mbele ya watu wote, Anko Brayo akitafsiri, kwamba kuanzia Jumapili ijayo watoto watapata mwalimu wa Kikorea safi, na jikoni hawataingia tena. Kisha akamwambia Halmoni jambo fupi. Halmoni akafungua kamba za aproni yake. Mimi nililia pale pale, kwa sababu nilijua maana ya kuhamishwa na nilidhani tumeshamaliza kuhamahama.

Hapo ndipo mama yangu aliposimama. Mama, mbele ya Anko Brayo!

"Bon," akasema. "Mutoto anasemaka luga ya ule mwenye anamulishaka. Huyu koko alilisha batoto yetu. Sasa mulitaka baseme luga ya nani?"

"Aki mama, pole pole, wacha ni-translate vizuri," Anko Brayo akasema, na siku hiyo hakucheka. Akayaweka maneno kwa Kiingereza. Ikabaki mtu ayapeleke kwa wazee wa Kikorea, na mtu huyo alikuwa Mama Yuna mwenyewe. Alianza haraka haraka, kama anayetaka kumaliza. Alipofika kwenye maneno ya yule anayelisha, akapunguza mwendo. Yuna alikuwa kiti cha mbele na pakiti yake ya krispi, anamvuta nguo akiuliza kwa Kiingereza wataondoka saa ngapi. Mama Yuna akamtazama mtoto wake, akatutazama sisi. Akayarudia maneno upya, safari hii akimwelekea Halmoni peke yake, kisha akazunguka nyuma yake akamfunga tena kamba za aproni. Mchungaji mzee akaomba tonge la pili.

Jumapili iliyofuata Yuna aliletwa jikoni amebana pua, akapewa ndoo kando yangu. Kufika Krismasi alikuwa anatufokea kama bibi yake.

Siku hizi naishi Buffalo. Mdogo wetu wa mwisho, aliyezaliwa hukuhuku, amejifunza Kikorea kwenye simu, cha Seoul kitupu, laini kama losheni. Akinisikia mimi, yaya yake, yaani dada mkubwa, huanguka sofani kwa kicheko: "Yaya, unaongea kama koko wa sokoni!" Nami namwambia asante. Anajua maneno mengi kunishinda, kwa kweli, na hajawahi kuchambua samaki hata mmoja. Namwonea huruma kidogo, na yeye ananionea huruma sana.

Halmoni alitutoka miaka michache iliyopita. Yuna anasoma Columbus. Baba yake alikulia Marekani, mama yake ni wa Seoul, na katika ukoo wao hakuna aliyebaki anayegomba vile. Jumapili hunipigia simu, hana habari yoyote. Huniomba nimkaripie tu kama Halmoni, kwamba hali chakula vizuri, kwamba havai sweta. Namkaripia kwa nguvu zangu zote. Upande wa pili hucheka sana, halafu husema, "Tena, Furaha. Mara moja tu."