Abiria wa Kwenda Al-Baghdadiyah

Cheka ukitaka. Hata mimi ningesimuliwa haya ningecheka. Lakini yalinipata, tena mchana kweupe.

Nilikuwa dereva Riyadh, mtaa wa Malaz. Bosi wangu akapata tenda ya kupeleka madereva kusini mwa Afrika, kwa watu wanaotafuta mafuta porini. Kazi yenyewe ni kuendesha lori linaloshusha bamba la chuma na kuitingisha ardhi, ili wataalamu wajue kilicho chini. Niliitaka kazi hiyo kama nini! Ningerudi Afrika, nipumue mbali na kafili, mdhamini anayekushikia pasipoti. Niliposikia kwamba inawasumbua ndovu, nikasema wasumbuke. Mimi mtu wa Voi, ndovu wamekula mahindi yetu miaka yote.

Basi nikapewa gari la bosi nilifikishe Jeddah, nipande ndege huko. Kwenye kituo cha mafuta njiani, jua linachoma, nikamwona nyanya mmoja ndani ya abaya, miguu mitupu juu ya lami. Akaniambia, "Mjukuu wangu, nifikishe Al-Baghdadiyah, huko huko Jeddah." Kwa Kiswahili, jamani! Wewe ungemwacha?

Alipoketi nyuma, gari likadidimia. Niamini, nimewahi kubeba saruji, mzigo naujua. Nyanya mwembamba kama ufagio, na tairi za nyuma zinakwaruza bodi! Nikashika usukani, jasho linanitoka na AC imewaka.

Njia nzima alikanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, kichwa ameinamisha. Mara akasema, "Wanapiga tena."

"Nani, nyanya?"

"Kule kusini. Wanangu husemezana kwa miguu, na sasa hawasikiani. Kuna mama anamwita mtoto wake tangu asubuhi." Akainua kichwa. "Na wewe ndiye unayekwenda kupiga?"

Nani alimwambia? Hapo nikausikia mdundo ukipanda kwenye pedali, du, du, du, hadi magotini. Niliogopa, sikufichi.

Tulipofika Al-Baghdadiyah nikageuka. Hakuna mtu. Gari likainuka lenyewe. Sakafuni palikuwa na alama ya duara, pana kama sinia, ya mchanga mweupe: unyayo wa ndovu. Gereji, fundi Msudani akazitazama springi zilizokatika, akaniuliza, "Ya akhi, ulipakia nini?"

Nikamwambia bosi siendi. "Halas, basi," akasema, akampeleka rafiki yangu Mutua. Nilimsihi Mutua asiende. Akanicheka: "Bro, umeogopa job ukajitungia shosho!"

Mwanzoni alikuwa akinipigia simu. Ndovu wameyakimbia maji yao, wameingia mashamba ya watu. Kisha akaniambia kuna nyanya anasimama mbele ya lori kila akishusha bamba, na wenzake hawamwoni. Nikamwambia rudi nyumbani. Akasema mkataba haujaisha.

Sasa simu yake inaita tu. Mkewe ananiuliza mimi. Nikikanyaga sakafu miguu mitupu nausikia ule mdundo, kwa hiyo siku hizi nalala na viatu.

Ndugu yangu, ukipewa kazi ile, kabla hujashusha bamba vua viatu, ukanyage ardhi, utulie. Ukisikia mtu anamwita mwanawe, washa lori uondoke.